Mkunga na Misambi Saba

Mkunga hakuliamini jicho la mtu mmoja, hata likiwa lake mwenyewe. Ndege aliyeonwa na mtu mmoja hakuingia kwenye daftari lake, awe mwari mwenye mdomo wa kubeba ndoo au shomoro wa paa la jirani. Ningeielewa sheria hiyo siku ya kwanza niliyoisikia, leo nisingekaa hapa na aibu hii kifuani.

Alikuwa katibu wa kikundi chetu cha kutazama ndege hapa Bujumbura, lakini hakuna aliyemwita katibu. Alikuwa ameshika kazi ya ukunga miaka mingi katika wodi ya wazazi upande wa Kamenge, na alipostaafu aliiacha wodi akaondoka na tabia zake zote. Daftari la ndege alilipiga mistari sawasawa na lile la wodini: tarehe, saa, mahali, hali ya mtoto. Ndivyo alivyoandika, hali ya mtoto, kwa kurasa nne nzima, mpaka alipogutuka akapiga mstari mmoja juu ya neno, akaandika "ndege" pembeni na kutia sahihi. Hakufuta. Wodini hakuna kufuta, alisema. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa lako linabaki linasomeka, na unatia sahihi ili atakayekuja ajue ni nani aliyekosea.

Daftari nililijua kabla ya kumjua mwenyewe. Nina duka la fotokopi Bwiza, mlango mmoja na mashine mbili, moja ikiwa mgonjwa daima. Alikuja siku moja kutoa nakala za orodha ya mwezi, akazikagua pale pale kaunta akizisogeza karibu na pua, akanirudishia moja. Nilikuwa nimeikata chini. "Huyu mutoto umemukata miguu," aliniambia. Mtoto mwenyewe alikuwa furukombe, mstari wa mwisho wa ukurasa. Nilitoa nyingine bure, nikiwa nimenuna.

Mara ya tatu au ya nne alipokuja, aliniomba nimsomee kibao cha ng'ambo ya barabara. Nikamwambia ni saluni ya kusuka nywele. Akauliza, na chini? Chini kulikuwa na namba ya simu ambayo mwenye saluni aliiandika mwenyewe kwa rangi iliyokuwa inamwishia. Nikaisoma yote mpaka tarakimu ya mwisho. Mkunga akaitikia kwa kichwa, akasema Jumamosi ya kwanza ya mwezi nivae viatu visivyoogopa matope. Nilidhani alitaka kujua kama nimesoma shule, na mimi mtu wa diploma nikajisikia vibaya kidogo. Sikujua alikuwa anapima nini.

Wanaojua mambo haya husema ndege watazamwe alfajiri. Sisi hatukuweza, kwa sababu Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii, na anayeonekana anazurura kabla hazijaisha ana maelezo ya kutoa. Basi tulikwenda saa nne, jua likiwa limeshakasirika, tukitoka moja kwa moja kwenye mitaro tuliyokuwa tunazibua, majembe begani. Wakulima wa kule walituona tukifika na majembe tusiyoyatumia, tukisimama kuangalia juu, wakaamini sisi ni dhehebu jipya. Mkunga hakuwakatalia. Alisema afadhali wamdhanie mtu wa dhehebu kuliko mtu wa viwanja.

Mahali penyewe tulipaita Kinamasi tu. Ni kipande cha mafunjo kati ya barabara ya Gatumba na ziwa, ambacho hakikuwa cha mtu, kwa hiyo kila mtu alijua siku moja kitakuwa cha mtu. Humo walilala yangeyange, humo mdiria walichimba kingo, na humo, zamani, misambi walikuja kuzaa. Msambi ni yule korongo wa kijivu mwenye taji la dhahabu kichwani na wekundu kooni, ndege ambaye hata asiyejua ndege anamjua. Mkunga aliwahi kuwaona na vifaranga vyao, miaka ile alipoanza daftari. Baadaye wakaja wawili wawili, kisha mmoja, kisha mstari wa misambi ukabaki na sifuri mwezi baada ya mwezi.

Hizo sifuri ndizo alizokuwa anazikusanya. Alitaka siku moja aziweke mbele ya mkubwa fulani na kumwambia: tazama tunachokiua, tuachie hiki kipande kidogo. Hakuwa na mume tena, watoto wake walikuwa mbali, nyumba ilikuwa ya kupanga. Alisema waziwazi, bila kuomba huruma, kwamba Kinamasi ndicho kitu pekee ambacho angependa kiwepo baada yake.

Siku yangu ya kwanza alinikabidhi kalamu. Mwandiko wangu unasomeka, alisema, nami nikavimba kichwa. Tangu hapo mimi nikawa mwandishi na yeye mwamuzi. Mtu akitaja ndege, Mkunga alimgeukia aliye jirani yake na kumuuliza: "We uliona?" Akiwa yeye mwenyewe ndiye aliyeona, aliningoja mimi. Nikisema nimeona, alitoa hukumu yake ile ile: "Tuko wawili. Andika." Nikinyamaza, ndege alikwenda zake bila kuandikwa, hata kama Mkunga alikuwa amemtazama dakika tano. Mara nyingi nilimwona akimsindikiza kwa uso ndege wa namna hiyo, midomo ikitembea. Sijui alikuwa anamwombea au anamtukana.

Masikio yake yalikuwa kitu kingine. Tukiwa bado barabarani alikuwa ameshatuambia nani yuko nyumbani na nani ametoka. Ndani ya mkoba, pamoja na maji na kisu cha kumenyea maembe, alibeba ile pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, na siku moja aliiweka kwenye shina la mti mkavu ambamo kigong'ota alikuwa na tundu. Akafumba macho. Akakaa hivyo kwa muda mrefu, sisi tukiangaliana kwa kicheko, kisha akanishika shingo kama mtoto wa shule na kunibandika sikio kwenye pembe. Nilisikia mkwaruzo mdogo sana, halafu vilio vyembamba. "Wazima," alisema. "Tuko wawili. Andika."

Sikuwahi kumpenda mtu wa kikundi kile kama nilivyompenda yeye dakika ile.

Mazungumzo ya kikundi yalifanyika Kinindo, barazani kwa Mwenyekiti, mzee aliyewahi kuwa mkubwa kazini na aliyeamini kwamba ndege haelezeki ila kwa Kifaransa. Alikuwa na kitabu kimoja kizito cha ndege wa Ulaya, alichorudi nacho kutoka masomoni, na kila mwezi alitufundisha ukurasa mmoja. Tulikula sambusa zake tukijifunza ndege wa theluji. Hakuna aliyelalamika, maana soda ilikuwa ya baridi.

Siku Mwenyekiti alipofika kwenye ndege anayetaga katika kiota cha mwenzake na kuondoka, alimsema vibaya sana, akamwita mama asiye na haya, akatazama wanawake waliokuwepo kana kwamba ni wao. Mkunga akainuka. Alisema wodini kwake kulikuwa na kitanda karibu na dirisha, na kwamba dirisha hilo lilikuwa rahisi kufunguka, na kwamba asubuhi nyingine ulimkuta mtoto peke yake, ameoga, amefungwa vizuri, ameachiwa hata kofia. Alisema anayemfunga mtoto vizuri hivyo hakuondoka akicheka. Mwenyekiti akamuuliza, sasa huyo mama aliandikwaje daftarini? "Mi siandike sababu," alijibu. "Naandika saa." Akakaa, akachukua sambusa ya mwisho, ambayo wote tulikuwa tunaiheshimu.

Msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Kuku alimla mpaka mfupa ukabaki hauna habari. Njiwa wa kanisa aliwachukia kwa moyo wote, kwa sababu walichafua benchi lake, na baada ya misa alikuwa akiwafukuza kwa mwavuli mbele ya padri. Nilipomuuliza mbona njiwa hawamo daftarini, alisema hao si ndege, hao ni wapangaji. Ubahili wake wa biskuti ulijulikana. Na huyu mwanamke wa mashahidi wawili, mistari na sahihi, alikuwa amedanganya watu maisha yake yote ya kazi, na alikiri bila kupepesa. Kila mama mwenye uchungu alimwambia bado kidogo tu, hata kama zilibaki saa nane.

Nilimshika hapo. Nilimwambia kumbe na wewe Mama unasema uongo. Tulikuwa tumekaa juu ya majembe yetu tukimenya embe, naye alimaliza kwanza kulamba kidole.

"Mama mwenye kusukuma anatafuta nguvu," alisema. "Daftari haisukume."

Niliona ni jibu zuri. Nililirudia nyumbani, nikalirudia dukani kwa wateja. Ningelifikiria nusu ya mara nilizolirudia, mambo yangekuwa mengine.

Kikundi kilikufa kidogo kidogo, bila msiba. Mafuta yalipoadimika, watu wa Kinindo waliacha kwenda Kinamasi wakabaki na mazungumzo ya barazani. Soda ilipoadimika, na mazungumzo yakaisha. Wengine walihama, wengine walisema wana mambo ya haraka zaidi kuliko ndege, na sikuweza kuwabishia. Tukabaki wawili, mimi na yeye. Tulitembea kwa miguu kwenda na kurudi, na njiani alinishika mkono. Nilidhani ni uchovu, au ni upendo.

Mambo yalianza na gunia. Gunia jeupe la mchele lilikuwa limenasa kwenye mafunjo, linapepea, naye akaniambia yangeyange. Nikatazama kwa darubini, nikatazama tena. Nikamwangalia yeye. Uso wake ulikuwa umeelekea mahali sahihi, lakini macho yalikuwa yamepita juu kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba macho yake yanakwisha. Akauliza kama nimeona. Kwa kweli lilikuwa jambo dogo, yangeyange wamejaa kila mahali, mmoja zaidi atamdhuru nani? Nikasema nimeona. Nikaandika gunia.

Piketi, yaani miti ya kupimia viwanja, zilikuja baada ya hapo. Zilisimikwa upande wa mbali wa Kinamasi, karibu na ziwa: fimbo za kijivu, utepe mwekundu shingoni, rangi ya njano kichwani. Kwanza zilikuwa mbili tu. Niliziona tulipofika, moyo ukaniuma, nikawa natafuta namna ya kumweleza. Kabla sijafungua mdomo aliinua darubini yake, akaishikilia, na pumzi ikamkata.

"Misambi," alisema. "Iko mbili, kule ng'ambo. We unaona?"

Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuuona uso ule. Nilimkumbuka mama mwenye kusukuma, nikajiona mimi ndiye mkunga sasa, mwenye huruma, mwenye hekima. Nikasema naona. Aliniuliza mara ya pili, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, nami mara ya pili nikasema naona, Mama, wawili. Akasema tuko wawili, andika. Kisha akatoa leso akafuta darubini, halafu akafuta uso.

Tukiwa tunaondoka alisimama, akageuza sikio. Akashangaa mbona hawalii, maana msambi ni ndege wa makelele. Nikamwambia upepo unaelekea ziwani.

Mwezi uliofuata piketi zilikuwa nne. Malori ya kwanza ya udongo mwekundu yalikuwa yamemwaga kandokando ya barabara, na wakulima walimweleza habari za viwanja, naye akaniuliza piketi zimewekwa wapi. Nikamwambia mbali, upande wa barabara. Misambi wanne, nikaandika. Kisha saba. Kila mara alifurahi upya, na kila mara nilirudi Bwiza nimejichukia, nikijiambia nitamwambia mwezi ujao. Mwongo naye ana kalenda yake.

Kitu kimoja nilikiona nisikielewe. Aliacha kutaja ndege kwa sauti. Mdiria alipita akilia juu ya vichwa vyetu, naye akaninong'oneza, huyo ni nani? Pembe ya mbao haikutoka tena mkobani. Nikajisemea, uzee.

Habari zilipokuja kwamba kamati ya viwanja itasikiliza wenye maneno kabla ya kuendelea, Mkunga alikuja dukani asubuhi, kabla sijafagia. Aliagiza nakala tano za orodha zote, za miaka yote, zishonwe vizuri. Alikuwa amebadilisha hoja yake. Zamani alikuwa na sifuri, alisema, sasa ana misambi saba waliorudi wenyewe nyumbani kuzaa; ni binadamu gani atawamwagia udongo? Nilitoa zile nakala. Mashine mbovu siku hiyo ilifanya kazi vizuri kuliko mimi. Nilikuwa na kurasa zote mikononi mwangu, peke yangu, kwa nusu siku, na sikufanya kitu.

Siku ya kikao alivaa kitenge chake cha Pasaka na viatu vyeupe vya wodini. Aliyetupokea alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, aliyemvutia kiti. Na alisoma. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo: hakuna mtu aliyewahi kuisoma orodha yetu kama alivyoisoma yule kijana, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka kwenye mstari wa misambi. Alimpongeza Mkunga kwa kazi safi. Kisha akatandaza ramani yake juu ya meza.

Alieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari njema. Kabla ya kupima viwanja, orodha inaonyesha misambi hawapo. Tangu kupima, wapo. Wanaongezeka. Na wanasimama upande huu wa ziwa, bila kuogopa, hapa hapa penye piketi zetu. Basi viwanja haviwadhuru. "Upande huu tuko na piketi saba, Mama," alisema. "Na nyie mumeandika misambi saba."

Kijana hakuwa ameelewa alichosema. Alikuwa anakunja ramani. Lakini Mkunga alielewa. Niliuona mwili wake ukitulia, kipande kwa kipande, mpaka vidole. Akanigeukia, macho yakipita juu kidogo ya kichwa changu, akaniuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida ya Jumamosi:

"We uliona?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema apana, Mama, ni miti, nilikudanganya, futeni mistari hii, rudisheni sifuri. Labda wangejaza Kinamasi vile vile. Hilo ndilo ninalojiambia nikikosa usingizi. Lakini pale nilikuwa na shati la kupiga pasi, watu sita wa kamati wananitazama, na jina langu limeandikwa chini ya kila ukurasa kama shahidi.

"Niliona, Mama," nikasema.

"Tuko wawili," alisema polepole. Hakusema andika.

Malori yalianza wiki hiyo hiyo. Sikumtafuta. Niliposikia ameacha kwenda misa ya asubuhi kwa ajili ya macho, nilimtumia salamu na matunda kwa mtu, nikashukuru hakunijibu. Mwenyekiti nilikutana naye mara moja, akasema ni pigo kubwa sana kwa elimu ya ndege, akaniuliza kama duka langu linaweza kumtolea nakala za rangi za kitabu chake. Nikamwambia mashine imeharibika.

Mwaka ulikuwa karibu kuisha alipokuja dukani. Nilimwona akiwa bado ng'ambo, ameshikiliwa na jirani yake wa kike, fimbo mbele, akivuka barabara penye kile kibao cha saluni. Jirani alimfikisha kaunta, akasema atamngoja sokoni. Mkunga alipapasa kiti, akakaa, akatoa daftari mkobani na kuliweka mbele yangu. Lilikuwa daftari lenyewe, si nakala.

"Nisomee," alisema. "Anzia penye gunia."

Sikuwahi kumwambia habari ya gunia. Nilimwambia hivyo. Akasema alilishika kwa mkono wake mwezi uliofuata, liliponasa kwenye jembe lake pale pale alipomwona yangeyange, akanyamaza, akaona amngojee mtu wake, yaani mimi, aseme mwenyewe. Nikasoma. Nilipofika kwenye misambi wawili aliinua kidole.

"We uliona?"

"Apana, Mama," nikasema. "Ilikuwa piketi. Zote. Sikuona msambi hata mumoja."

Nilitegemea alie, au anipige na ile fimbo, na ningefurahi kupigwa. Alikaa tu, mikono juu ya mkoba. Nikaanza kujieleza: nilimwonea huruma, uso wake ulivyokuwa siku ile, na yale maneno yake mwenyewe ya mama mwenye kusukuma. Alinikatiza bila hasira.

"Mi nilijua macho yangu inakufa," alisema. "Daktari aliniambia mbele ya mi kukujua we. Ndiyo maana nilikusomesha ile kibao. Nilikuwa natafuta mutu wa kuniambia apana."

Mashine nyuma yangu ilikuwa inaunguruma bure, nikaizima.

"Misambi saba, hata moja hailie," aliendelea. "Masikio yangu ilisema hakuna kitu. Gunia nilijua, ndiyo maana misambi nilikuuliza mara mbili. We ulisema iko. Basi mi nikaamini we, nikasema kumbe na masikio nayo imekufa. Mwaka muzima sikusikiliza ndege. Niliogopa kukosea."

Kosa langu nilikuwa nimelihesabu mara nyingi, kwa upande wa Kinamasi, kwa upande wa kamati. Hili sikuwa nimelijua. Nilikuwa nimechukua kwake kitu cha mwisho kilichokuwa kizima, nikiita huruma. Niliinamia kaunta nikalia, mtu mzima, mlango ukiwa wazi na Bwiza nzima inapita.

Aliniacha nimalize. Kisha akaagiza kalamu. Tulipitia mistari yote, yeye akiuliza, mimi nikijibu apana, na kila apana nilipiga mstari mmoja juu ya ndege na kutia sahihi yangu pembeni. Hakuniruhusu kufuta hata herufi. Gunia. Wawili. Wanne. Saba, saba, saba. Baadhi ya kurasa zilibaki na mistari mingi kuliko maneno. Tulipomaliza alipapasa ukurasa kwa kidole, akazifuata zile alama za kalamu, akafunga.

Akasema nimpeleke.

Nilifunga duka. Siku hiyo mafuta yalikuwepo, tukapata teksi mpaka mwisho wa lami, tukamalizia kwa miguu, mkono wake ndani ya wangu. Alinusa kabla hatujafika na kusema ni saruji. Kinamasi kilikuwa uwanja mwekundu, tambarare, umegawanywa kwa kuta za matofali zilizofika magotini. Maji ya ziwa yalikuwa yameingia upande mmoja na kutuama, mekundu nayo. Nilimsimamisha pale tulipokuwa tunasimama zamani na majembe yetu. Nilijua ni pale kwa sababu ya kile kisiki cha mti wa kigong'ota, ambacho mtu alikuwa amekigeuza kiti cha kukalia mlinzi.

Aliniuliza naona nini. Nikamwambia: kuta, udongo, lori moja limezimwa, nguo za mafundi kwenye kamba.

"Ndege?"

Nilitazama kwa macho yangu, kisha kwa darubini yake. Nilitazama maji, kuta, kamba, na anga mpaka upande wa milima ya Kongo. Nilitamani sana aonekane mmoja, hata njiwa.

"Sioni, Mama. Hakuna hata moja."

Alivua kitambaa kichwani, akageuza sikio moja, kisha lingine. Alikaa hivyo muda mrefu, uso umetulia kama siku ile ya pembe, nami nikashika pumzi nisimharibie.

"Na mi sisikie," alisema. "Tuko wawili. Andika."